Kumwona Bibi Mdogo Ng'ambo ya Ruvuma

Nyie wa karakana mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje huko, na kila mara nimejibu "nitawaambia," halafu nikaendelea kupiga msasa. Mnanijua. Kusema mbele ya watu kwangu ni kazi nzito kuliko kubeba kochi la watu watatu. Kuandika naweza, japo polepole, maana niliishia darasa la saba na mkono wangu haujapata mwendo tangu hapo. Basi nimeandika. Anayesoma vizuri awasomee wengine, mie nitakuwa nje.

Bibi yangu Rozalia mnamfahamu. Ni yule anayekaa mlangoni na kikopo chake cha ugoro na kuwatania kila mnapopita. Ana mdogo wake mmoja tu, Matilda, ambaye sie tunamwita Bibi Mdogo. Huyo aliolewa ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kabla mama yangu hajazaliwa. Kila sikukuu walipigiana simu, na mazungumzo yao yalikuwa matusi tupu mpaka salio likaisha. Bibi akikata simu alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Vita vilipofika kwao, simu ikanyamaza. Redio ikasema jeshi limelidhibiti eneo, hali ni shwari, wananchi wanarejea majumbani. Simu za watu zikasema kijiji chote kimeungua, hakubaki mtu. Waandishi wa habari hawakuruhusiwa kwenda peke yao. Aliyekwenda alikwenda na wanajeshi, akaonyeshwa alichoonyeshwa na kuambiwa cha kusema. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza.

Majirani wakaanza kumwambia bibi aweke msiba, roho ya mdogo wake ipumzike. Bibi akakataa.

"Siwezi kumlilia Matilda kwa maneno ya simu," alisema, "na siwezi kumfurahia kwa maneno ya redio. Aende mtu akamwone kwa macho."

Mjomba Kasto, kaka wa mama yangu, akasema yuko tayari hata kesho.

"Wewe Kasto ukiona moshi unarudi na habari ya moto," bibi akamjibu. "Aende Alois. Huyu hana maneno. Atasema alichokiona, hataongeza wala hatapunguza."

Watu wote pale barazani waligeuka kunitazama. Maisha yangu yote nimeambiwa niongee, nichangamke, nisiwe kama gogo. Siku ile kwa mara ya kwanza ugogo wangu ulikuwa na kazi.

Manzese hadi Mbagala

Habari ya hati na vibali nairuka, inachosha. Bibi alinifungia mzigo mwenyewe: doti mbili za kanga, sabuni za kipande, sukari, na ugoro wake bora, ule uliosagwa na magadi, kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza. "Vingine vikipotea, vipotee," alisema. "Ugoro umpe mkononi."

Mjomba Kasto alinisindikiza kwa basi la mwendokasi mpaka Mbagala akinifundisha njia nzima namna ya kuongea na wanajeshi. "Uwachangamkie. Waite 'kamanda.' Watanie kidogo, wapate kukupenda."

"Sawa mjomba."

"Sema basi nikusikie."

"Kamanda," nikasema kwa sauti ndogo. Dada mmoja aliyekuwa amesimama karibu yetu akacheka mpaka akageuka dirishani. Mjomba akakata tamaa. "Basi we nyamaza tu, labda ndiyo bahati yako."

Mbagala hadi Mtwara

Basi lilikuwa zuri mpaka tulipopita daraja la Rufiji. Mbele kidogo ya Somanga likakatika mkanda, tukashushwa pembeni ya barabara kumsubiri fundi. Akina mama wakaja na vikapu vya samaki wa kukaanga na mihogo, tukala tumekaa kwenye majani.

Hapo ndipo wanaume wawili walipoanza kubishana juu ya vita vya ng'ambo. Mmoja alikuwa na simu yenye video ya nyumba zinazoungua. Mwingine alikuwa mzee mwenye redio ndogo kifuani.

"Kumekwisha kule! Hii hapa, angalia mwenyewe!"

"Video hiyo unajua ni ya wapi? Redio imesema asubuhi hii, watu wanalima."

"Redio inasema inachoambiwa iseme, mzee wangu!"

"Na simu yako inasema inachotumiwa na wahuni!"

Abiria wakagawanyika kama timu za mpira. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu, mfanyabiashara wa korosho aliyejitaja kuwa ni Mama Chiku, akanigusa bega. "Na wewe kijana, unasemaje?"

Nikaona nyuso zote zimenigeukia. Nikamung'unya muhogo wangu mpaka ukaisha, kisha nikasema, "Sijafika."

Watu wakaangua kicheko, hata yule mzee wa redio. Kuanzia pale jina langu ndani ya basi likawa Sijafika. "Sijafika, pokea maji." "Sijafika, sogeza miguu dereva apite." Niliona aibu, lakini Mama Chiku hakucheka sana. Basi lilipotengemaa, akaniuliza kijiji ninachokwenda, kisha akaniambia taratibu kwamba kaka yake naye yuko hapo hapo, fundi cherehani, na hajamsikia tangu simu zikatike.

Mtwara nililala kwake. Alinipikia ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza, na mumewe, ambaye nilimwamkia shikamoo, alinihoji mpaka nikatokwa jasho. Asubuhi Mama Chiku alinisindikiza stendi. "Sijafika," alisema, "ukifika, uniambie. Lolote liwalo uniambie."

Mtwara hadi Mtoni

Kivuko hakiendi maji yakipungua. Tulikaa ukingoni tukiutazama mchanga ulivyojitokeza katikati ya mto kama mgongo wa ng'ombe. Mwanajeshi wetu wa upande huu, kijana wa rika langu, alipita akikagua mizigo bila ukali.

"Unakwenda kufanya nini, braza?"

"Kumwona bibi."

"Kumwona tu?"

"Kumwona tu."

Akanitazama kama anayesubiri sentensi nyingine. Haikuja. "Sikiliza," akasema, "ukivuka, usipige picha. Usipige picha ya daraja, ya gari, ya mtu. Hata kuku akipita, mwache apite."

Tulikuwa wachache mno kwenye kivuko, na hakuna aliyezungumza. Mwenye mbuzi alimshika mbuzi wake mdomo.

Mtoni hadi Kizuizini

Upande wa pili lori lilitubeba kwenye barabara ya mchanga mpaka kizuizi cha kwanza: magogo mawili, hema, na wanajeshi wanaozungumza Kireno. Kijana wa pale, Zakaria, ndiye aliyekuwa mkalimani. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani ya kule, kitamu, kinapanda na kushuka.

Simu yangu ilichukuliwa ikafunguliwa, na picha zikafutwa moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu. Picha ya Bibi Rozalia ikaenda. Picha za kipaimara changu zikaenda. Na niseme kwa uchungu kwamba lile kochi letu la kona, la kijani, mlilonipigia picha nikiwa nimelikalia, nalo lilifutwa. Nadhani mwanajeshi yule alilitazama sana kabla ya kulifuta. Kisha simu ikatiwa ndani ya gunia pamoja na nyingine. Sijaiona tena mpaka leo.

Wakaja kwenye kopo la ugoro. Mwanajeshi alikaza macho kwenye ule unga wa kahawia.

"Anauliza hii ni nini," Zakaria akasema.

"Ugoro. Wa bibi."

"Anasema thibitisha."

Sikujua ugoro unathibitishwaje. Kabla sijafungua mdomo, mwenyewe akachota wa kidole kizima akavuta puani. Alipiga chafya mfululizo, kofia ikamwanguka, machozi yakamtoka, wenzake wakashikana mabega kwa kucheka. Alipotulia alikuwa na uso mchangamfu kuliko mwanzo. Akafunga kopo vizuri, akaliweka mfukoni mwake.

"Anasema limezuiwa kwa usalama," Zakaria akatafsiri bila kunitazama.

Tatizo kubwa likawa hakuna gari la raia linaloruhusiwa kuendelea. Ila pale kivulini palikuwa na msafara wa magari ukisubiri: waandishi wa habari watatu kutoka mji mkuu wao, mmoja dada mwenye kamera begani, na afande mmoja aliyepiga pasi nguo zake vizuri. Kazi yake ilikuwa kukaa karibu na waandishi kila waendako, kuwaambia waelekee wapi na wamhoji nani. Kichwani mwangu nikamwita Afande wa Habari.

Zakaria alipomweleza kwamba natafuta bibi yangu, afande akanitazama kuanzia viatuni, akatabasamu, akasema maneno marefu.

"Anasema una bahati," Zakaria akaniambia. "Utapanda gari lao. Mkikutana na bibi yako watapiga picha. Utamkumbatia, halafu utasema mbele ya kamera: hali ni shwari, watu wamerudi nyumbani."

"Nitasema?"

"Maneno hayo tu. Si mengi."

Kwa mtu mwingine si mengi. Nilipanda gari pamoja na Zakaria, aliyechukuliwa kutafsiri. Nilikuwa naogopa kamera, hilo nakiri, lakini nilikuwa naogopa zaidi kitu kingine. Bibi alinituma mie kwa sababu sisemi nisichokiona. Kama ningesema maneno yale, ningekuwa redio nyingine tu.

Kwa Bibi Mdogo

Jina la kijiji silitaji hapa, maana kuna watu bado wanakaa pale.

Msafara ulisimama mbele ya shule. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Bendera ilikuwa mpya, ina mikunjo ya kutoka kwenye bahasha. Watoto walipangwa mstari wakaimba. Dada wa kamera alipotaka kuelekeza kamera upande wa kushoto, Afande wa Habari aliweka kiganja mbele ya kioo, kwa adabu, akamwonyesha bendera.

Mie sikuwa na kamera, kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Nikatazama kushoto. Nyumba zilikuwa kuta nyeusi. Mabati yalikuwa yamejikunja chini. Mikorosho ilikuwa imeungua upande mmoja, na upande wa pili ina majani ya kijani. Palikuwa na kitanda cha chuma peke yake, kimesimama mahali palipokuwa na chumba. Nilitazama taratibu, kama ninavyotazama mbao kabla ya kukata, mpaka nilipoweza kufumba macho na bado nikaona. Macho hayakukaguliwa kizuizini.

Wenye nyumba zile walikuwa wanaishi madarasani, nyuma ya shule. Wanawake walikuwa wanakoroga uji kwenye sufuria kubwa. Nilimtambua kabla hajageuka, kwa jinsi alivyosimama kiuno upande kama Bibi Rozalia. Alikuwa amekonda, mkono mmoja umefungwa kitambaa, lakini mwiko alikuwa nao yeye na amri ya jiko lile ilikuwa yake.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Mimi Alois, wa Rozalia. Wa Manzese."

Alinitazama. Mwiko ukasimama ndani ya uji. Kisha akapaza sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka mtoni.

"Mume wangu! Jamani, mume wangu kaja kunichukua! Na kachelewa, mjinga huyu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akaanza kucheza palepale, akinizunguka.

Afande wa Habari, aliyekuwa anafurahi, akamuuliza Zakaria anasema nini. Zakaria akamjibu. Tabasamu likamtoka. Akanitazama mie mwenye miaka kumi na tisa, akamtazama Bibi Mdogo asiye na meno ya mbele. Mwanajeshi mmoja akasogea karibu yangu.

"Anasema ulimwambia ni bibi yako," Zakaria akaniambia, jasho likimtoka. "Sasa yeye anasema ni mumewe. Anauliza nani mwongo."

"Mweleze ni utani."

"Namweleza! Kwao hawana huu." Akamgeukia tena afande, akaeleza kwa mikono. Baadaye aliniambia alivyosema: kwamba kwetu bibi ni mke wa mjukuu wake kwa maneno, anamtania, anamgombeza, anamdai nguo, na asipomwita mume mjukuu anajua amechukiwa. Afande akauliza, "Kwa hiyo si mume?" Zakaria akajibu, "Si mume, ila leo ni mume." Dada wa kamera alicheka mpaka kamera ikatikisika begani.

Bibi Mdogo hakuwa na habari na shida zetu. "Ugoro wa dada yangu uko wapi?"

"Umebaki kizuizini, bibi."

Nilikula mwiko wa bega wenye uji wa moto. "Mume gani anakuja kwa mkewe hana ugoro! Rozalia kanitumia boya!" Yote hayo kamera iliyaona.

Ndipo nikasimamishwa mbele ya kioo. Afande akaniashiria kwa kidole: sema.

 Nilitazama kiatu cha dada wa kamera, kisha nikasema, "Nimemwona bibi yangu. Yu hai."

"Endelea," Zakaria akanong'ona. "Hali ni shwari, watu wamerudi nyumbani."

"Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Sijaona watu nyumbani. Nimewaona shuleni." Na kidevu changu, bila mie kukituma, kikaelekea kushoto, kwenye zile kuta nyeusi.

Zakaria hakutafsiri, lakini kidevu hakihitaji mkalimani. Afande akamwambia dada azime kamera. Kisha akanisogelea, akazungumza taratibu kabisa.

"Anasema ukisema, utakaa na bibi yako mpaka gari la jioni. Usiposema, unarudi sasa hivi na gari hili."

Nilimtazama Bibi Mdogo. Kutoka Manzese mpaka pale, halafu nimwone kwa muda wa kula mwiko mmoja.  Nikatikisa kichwa kukataa. 

Bibi Mdogo akamvuta Zakaria shati. "Wanamtaka aseme nini mume wangu?" Alipoelezwa, alishika kiuno. "Mwambie afande asijisumbue. Huyu mtoto hata ukweli haumtoshi mdomoni, uongo ataupata wapi?"

Zakaria akatafsiri hilo neno kwa neno. Afande alikaza uso, akashindwa, akacheka kwa pua. Akatazama saa, akawatazama waandishi waliokuwa wameanza kugawiwa chakula. "Anasema," Zakaria akaniambia, "mkae mpaka wamalize kula."

Tulikaa nyuma ya darasa. Bibi Mdogo alinipa uji wake nikanywa, na mie nilimpa kanga na sabuni. Alizinusa sabuni moja moja. Aliniambia nyumba yake iliungua na kila kilichokuwamo, kwamba mkono aliumia akikimbia, kwamba jirani yake wa mlango wa pili hajulikani alipo. Nilimuuliza juu ya fundi cherehani, kaka wa Mama Chiku. Alimjua, ila hajamwona; alinionyesha kwa kidole cherehani yake barazani, imeungua. Hakulia. Nilimwambia tuondoke wote, akasema watoto wa jirani yake wako naye, na mwiko ule hana wa kumwachia.

"Redio kwenu inasemaje?" akauliza.

"Kwamba mmerudi nyumbani."

"Na watu?"

"Kwamba mmekwisha wote."

Alifikiri huku akikunja kanga. "Sasa wewe uwaambie yote mawili. Tumechomewa. Na tupo. Usiseme moja ukaacha jingine, maana ukisema moja utakuwa umenidanganyia dada yangu."

Halafu akanipa salamu za kumpelekea Rozalia mwenyewe, akanifanya nizirudie mpaka nikazisema sawasawa. Nitazifikia.

Simu ya Afande

Kabla ya kuondoka, Afande wa Habari aliniita pembeni. Sikumwelewa mtu yule. Alitoa simu yake nene yenye antena, maana mtandao wa kawaida ulikuwa umekatwa, akauliza kupitia Zakaria kama kwetu wanajua nimefika.

"Hawajui."

"Anasema piga. Useme umefika, bibi mzima, salama. Usitaje mahali, usitaje jeshi. Halafu kata."

Namba ninayoikumbuka kichwani ni ya mjomba tu. Akapokea. Nikasema haraka, afande akiwa amesimama mbele yangu, "Mjomba, nimefika. Bibi Mdogo mzima. Salama. Nakuja kuwaeleza mwenyewe."

"Alois," nikamsikia mjomba kwa mbali, "baba, sema kweli..." Simu ikachukuliwa mkononi mwangu.

Niliondoka nimefurahi. Nilisema kweli tupu, na ilifika Manzese kabla yangu.

Mtwara hadi Dar

Nilimkuta Mama Chiku stendi kwenye korosho zake, akinisubiri. Hakunisalimia, alinitazama tu.

"Sijamwona," nikasema. "Nimeuliza. Bibi yangu anamjua ila hajamwona. Cherehani ya barazani kwake ipo, imeungua."

Alikaa juu ya gunia lake la korosho. Nilitaka kuongeza neno la kumpoza, nikalitafuta, sikulipata lililo la kweli. Baadaye akanishika mkono. "Wengine wote wameniambia yuko Pemba ya Msumbiji anakula samaki," alisema. "Asante, Sijafika." Akanijazia mfuko wa korosho za nyumbani.

Alinipa simu yake nipige kwetu. Nikasema hakuna haja, wamekwishajua.

Manzese

Niliposhuka Manzese nikaingia uchochoroni kwetu, niliona turubai. Limefungwa kwenye nguzo ya umeme na kwenye paa letu. Viti vya plastiki, wanaume wameinama, moshi wa majiko.

 Nikajua bibi amekufa. Bibi Rozalia amekufa akisubiri habari, na mie nimekaa kwenye basi nikitafuna korosho. Nilikimbia. Akina mama waliponiona wakapasua kilio, na katikati yao, juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa kanga, alikuwa bibi yangu mwenyewe, hai.

Mjomba Kasto alinidaka. "Pole baba. Pole. Tulikuelewa."

"Mlielewa nini?"

"Basi, usijikaze. Kaa kwanza, unywe maji."

"Mjomba, nani kafa?"

Akanitazama kwa huruma. "Alois. Umepiga simu kutoka vitani, unasema mzima, salama, nakuja kuwaeleza mwenyewe. Sisi ni watu wazima."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nyie mtaelewa, maana ndivyo tulivyo. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Baba yangu alipofariki kule Kimara, niliambiwa hajisikii vizuri kidogo, njoo. Ukiambiwa mtu mgonjwa kidogo, amekwishakufa. Ukiambiwa mzima kabisa, tena na mtu mwenye haraka, unafunga turubai. Afande aliyafupisha maneno yangu, na watu wangu wakaongeza mengine yote wenyewe.

"Ni mzima, mjomba. Nimemwona."

"Ndiyo baba. Tutaongea taratibu."

"Kanipiga mwiko!"

"Mpeni maji," akasema katekista aliyekuja kuongoza sala.

Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kunipigapiga mgongo. Nikaona hakuna njia nyingine. Nikaingia katikati ya turubai, pale panaposimama mtu wa kutoa shukrani za familia, watu wote wakiwa wananitazama, na mie nikamtazama mmoja tu.

"Bibi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, sijui ilikotoka. "Bibi Mdogo kanituma. Kasema hivi: 'Mwambie Rozalia mwenye miguu kama michi, najua kashaanza kunililia, maana kulia ndiyo kazi pekee anayoiweza. Ugali wake una mabonge mpaka leo, na kama kapika ugali huo kwenye msiba wangu, nafufuka. Ugoro wake umeliwa na askari kwa sababu kamtuma mume asiye na akili. Na kanga zangu za harusi alizoniazima asizivae, hana kiuno.'"

Kilio kilikatika kama maji ya bomba. Katekista alishika kinywa. Mjomba Kasto alitaka kunishika, akasita.

Bibi akafunua kanga usoni. Alinitazama kwa muda mrefu, mie mjukuu wake ambaye sijawahi kumjibu hata jirani.

"Huyu," alisema polepole akiwageukia watu, "huyu hawezi kuyatunga haya. Hata mkimpa mwaka."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akalala kwenye mkeka, akapiga miguu ile kama michi, machozi yakitiririka. "Mzima! Mwanaharamu yule mzima! Mmepika nini huko jikoni? Ugali? Mwageni! Pikeni wali!"

Vigelegele vya uchochoro wetu mlivisikia hata karakanani, mlidhani ni harusi. Nilisubiri vipungue. Sikuwa nimemaliza, na kwa mara ya kwanza sikutaka kukaa.

"Na nyumba yake imeungua," nikasema. "Nyumba za upande ule zote zimeungua. Jirani yake hajulikani alipo. Wanalala madarasani. Kasema nisiseme moja nikaacha jingine. Wamechomewa, na wapo."

 Bibi aliinuka akakaa, akafuta uso. "Umesikia, Kasto?" alisema. "Hakuongeza, hakupunguza." Katekista akauliza afanye nini na sala zilizoandaliwa. Bibi akamwambia asali zote, za kushukuru na za yule jirani. Turubai halikufunguliwa siku ile.

Baadaye video ya wale waandishi ikaanza kutembea kwenye simu za watu hapa mtaani. Shule, bendera, watoto wanaimba, na Bibi Mdogo anacheza, ananipiga mwiko. Sauti yake wameiondoa, wameweka muziki, na maandishi yanasema wananchi washerehekea kurejea nyumbani. Mie naonekana kidogo, mdomo unafunguka mara moja tu, halafu wamekata kabla kidevu hakijageuka.

Kila anayeileta simu kwa bibi anauliza, "Sasa hapa anasema nini?"

Bibi huwa hawajibu. Anachota ugoro, anasogeza kigoda, anaita ndani, "Alois! Njoo utie sauti."

Nami naacha ninachofanya, nakuja, nasimama karibu na ile simu, nasema yote mawili.